Mtoto Ana Mafua? Hesabu Pumzi Kwanza

Mwezi Juni ukiingia Njombe, Makete na Mafinga, karibu kila nyumba yenye mtoto ina kamasi. Watoto wanavishwa sweta juu ya sweta, na kwenye duka la dawa muhimu wazazi wanapokezana kusema maneno yale yale: "Nipe amoksilini ya mtoto, ana mafua." Nawaandikia wazazi hao, maana najua wametoka nyumbani na hofu.

Amoksilini huua bakteria. Mafua huletwa na virusi, na virusi havidhuriki kwa dawa hiyo. Mtoto atapona kwa siku zake, nawe utaamini dawa ndiyo iliyomponya, na safari ijayo utainunua tena. Huku nyuma, bakteria waliomo mwilini wanazidi kuizoea dawa ambayo huenda ataihitaji kweli siku akipata nimonia.

Virusi vya mafua ni zaidi ya aina 200, ndiyo maana mtoto mdogo anaweza kuugua mara sita hadi nane kwa mwaka na kinga yake ikawa nzima kabisa. Kamasi huanza nyepesi kama maji, kisha huwa nzito, ya njano au ya kijani. Rangi hiyo isikutishe. Mafua yenyewe huchukua siku saba hadi kumi, na kikohozi kinaweza kubaki mpaka wiki ya tatu mradi kinapungua. Homa kali ya mafua, yaani influenza, huja kwa ghafla: asubuhi mtoto anacheza, jioni amejilaza, mwili unachemka, analalamika miguu inamuuma.

Kinachotuulia watoto ni nimonia inayofuata nyuma ya mafua, nayo mzazi anaweza kuitambua kwa macho na saa ya simu. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya. Funua nguo kifuani. Kila kifua au tumbo linapopanda, hesabu moja. Hesabu dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa kuwa pumzi za mtoto hukimbia kisha zikatulia. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, ni 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Ukipata idadi hiyo, rudia papo hapo, na ikijirudia, ondokeni kwenda zahanati.

Kisha tazama chini ya mbavu. Kama anapovuta pumzi sehemu hiyo inabonyea ndani, usingoje kupambazuke. Usingoje pia kwa mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea asiamke vizuri. Kichanga wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la nyuzi 38 apelekwe hata kama pumzi zake ni nzuri. Na homa yoyote, hata yenye kamasi, ipimwe malaria, kwa sababu mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Pumzi zikiwa salama, kazi kubwa ya nyumbani ni pua. Kichanga hutegemea pua kupumua, kwa hiyo ikiziba huachia ziwa akilia, na mama hudhani amekataa kunyonya. Chemsha maji robo lita, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, yaache yapoe. Dondoshea matone mawili kila tundu la pua, futa, ndipo umnyonyeshe, kidogo kidogo na mara nyingi. Maji hayo yatengenezwe mapya kila siku. Aliyevuka mwaka apewe uji mwepesi, supu, au maji ya vuguvugu yenye asali. Chini ya mwaka asali ni marufuku, kwani inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu tumboni mwa kichanga.

Homa ikimsumbua, mpe parasetamo kwa uzito ulioandikwa kwenye kadi ya kliniki. Kwa dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5, mtoto wa kilo 10 anatosheka na mililita 5, si zaidi ya mara nne kwa saa 24. Soma chupa yako kwanza, na upime kwa kijiko kilichokuja nayo. Aspirini asipewe. Dawa za kikohozi za dukani hazimfai aliye chini ya miaka sita. Na zile sweta juu ya sweta, mpunguzie.

Jiko la mkaa likae nje. Najua baridi ya Makete, lakini moshi huumiza mapafu, na mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa unaweza kuua familia nzima usingizini. Kumfukiza mtoto kwa sufuria la maji ya moto nako kumeacha makovu mengi ya kuungua.

Kikohozi kikiendelea, atatokea mtu wa kusema ni kimeo, kikatwe. Hapa nasihi kwa moyo wote: msikubali. Kila binadamu ana kimeo, na kukikata huleta damu nyingi, usaha, hata pepopunda. Bibi akishauri hivyo anashauri kwa upendo, basi mjibu kwa heshima: "Bibi, ngoja kwanza nimpeleke zahanati." Kikohozi kisichopungua baada ya wiki mbili kinahitaji uchunguzi, hasa kama nyumbani kuna mtu mwenye kifua kikuu.

Angalia pia kama kadi inaonyesha chanjo za wiki ya 6, 10 na 14. Miongoni mwake imo ya nimokokasi, ambayo watoto wa Tanzania wanaipata tangu 2013. Haizuii mafua, ila inakinga dhidi ya bakteria waletao nimonia mbaya.

Ukifika zahanati, usiishie kusema ana mafua. Sema: "Ana miezi tisa. Saa kumi na moja alfajiri nimehesabu pumzi 52 kwa dakika, nikarudia nikapata 54."