Tulale kwa Shangazi au Nyumba ya Wageni?

*Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Morogoro. Desemba tunakwenda Unguja kutembea, siku tatu tu, safari yetu ya kwanza tangu tuoane. Nimepata nyumba ya wageni Mji Mkongwe, chumba cha watu wanne, bei pamoja na chai ya asubuhi, na nusu ya pesa nimeshatuma. Tatizo ni shangazi yake mume wangu. Anaishi Michenzani kwenye maghorofa, vyumba viwili, na wajukuu watatu. Akisikia tumelala kwa kulipa na yeye yupo, atasema mimi ndiye niliyemtenga na mwanawe. Mume wangu anasema dawa ni kutomwambia: tuingie, tutembee, tuondoke. Moyo wangu hautulii. – Mama Wawili, Morogoro.*

Mama Wawili, umeniuliza jambo moja lakini barua yako ina mawili, na yamekaa pamoja kiasi kwamba moja limechafua jingine. La kwanza ni kulala nyumba ya wageni. La pili ni kuingia mji wa shangazi kimyakimya kama mtu anayemkimbia mdai. La kwanza halina ubaya wowote, na nitakueleza kwa nini. La pili ndilo linalokunyima usingizi, na moyo wako umeona sawasawa.

Hebu tuanze na kitanda. Shangazi ana vyumba viwili na tayari ndani mna watu wanne. Mkifika wanne wengine, unajua kitakachotokea, kwa kuwa hata wewe ungefanya vivyo hivyo: atatoa shuka jipya kabatini, atawapa nyinyi kitanda chake, naye atalala kwenye mkeka na wajukuu huku akiapa kwamba mgongo wake unapenda sakafu. Alfajiri atakuwa jikoni anakuna nazi. Hatawaambia gesi imekwisha. Atamtuma mtoto dukani kukopa. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, tukacheka, lakini methali hiyo haikutungwa na wachoyo. Ilitungwa na watu wakarimu waliojua ukarimu una gharama na kwamba mwenye kuulipia ni mwenyeji. Mafundisho ya Mtume nayo yameuwekea ugeni siku tatu, na yakamkataza mgeni kukaa hadi akamtia mwenyeji wake dhikini. Mama mwenye wajukuu watatu anaweza kutiwa dhikini usiku wa kwanza tu.

Najua utaambiwa kwamba kulala kwa kulipa ni uzungu, kwamba mtu wa pwani mgeni wake humlaza kwake. Si kweli kwamba imekuwa hivyo siku zote. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, kadhi hakumpeleka kulala nyumbani kwake wala kwa sultani. Alipelekwa kwenye nyumba ya wanafunzi iliyokwisha kutandikwa, na chakula kikawa kinatoka kwa sultani: wali wa samli na mchuzi, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na pilipili. Alikaa hapo siku tatu akiletewa chakula mara tatu kwa siku, na katika maelezo yake hakuna dalili kwamba alijiona ametengwa. Kitanda kilikuwa mahali pengine na heshima ikamfuata huko huko kwenye sinia. Pwani ilijua zamani kwamba kumkirimu mtu si lazima umbane chumbani mwako.

Kuna hoja nyingine ambayo siwezi kuipuuza: pesa. Mtu atasema fedha za chumba zingemfaa shangazi zaidi. Huenda. Lakini tuwe wakweli, wangapi waliolala bure kwa ndugu wakaacha mezani kiasi ambacho wangelipa kwenye nyumba ya wageni? Wengi huacha noti moja na ahadi. Mkitaka kumsaidia, msaidieni waziwazi, wala msikifanye kitanda chake kuwa kisingizio.

Nakubali hoja moja bila kubishana: watoto wenu wanahitaji kuwajua wenzao wa Michenzani, na undugu haukui kwa salamu za mlangoni. Ila Michenzani hadi Mji Mkongwe ni mwendo wa miguu. Mnaweza kushinda huko mchana kutwa, jioni mkatoka wote, wajukuu na nyanya yao, mkaenda Forodhani kupunga upepo.

Sasa mumeo. Mpango wake una kasoro moja kubwa: vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba mno kwa siri. Watu hukaa barazani, wanaona kila apitaye, na Darajani sokoni ndiko nusu ya Michenzani hununua samaki. Shangazi akija kuambiwa na jirani kwamba mwanawe ameonekana na mke na watoto, hapo hakuna maelezo yatakayosaidia, na lawama itakuangukia wewe, mke wa bara. Kwa hiyo apige simu yeye, mwenye damu yake, tena kwa sauti, si ujumbe wa maandishi, na apige wiki mbili kabla. Aseme: "Shangazi, shikamoo. Tunakuja Desemba, tupo wanne, tumeshapata mahali pa kulala ili tusiwabane watoto. Mchana wa kwanza tunakula kwako." Asiseme "gesti." Neno hilo masikioni mwa wazee wengi lina harufu ya watu wanaojificha, aseme nyumba ya wageni.

Chumba chenyewe, kabla hujamalizia malipo, uliza mambo mawili. Je, bei imejumuisha kodi inayotozwa kila mgeni kwa kila usiku, na ngazi zikoje? Nyumba nyingi za kale pale zina ngazi za mwinuko mkali, na chai mara nyingi huandaliwa juu darini. Chai mmelipia, inyweni, lakini siku ya kwenda Michenzani onjeni tu: yai nusu, kipande cha papai, basi. Kufika kwa shangazi mmeshiba ni kosa kubwa kuliko kulala kwingine. Mbebee mchele wa Ifakara.

Naye hatakubali yote. Atanuna kidogo kwenye simu, kisha atadai angalau watoto walale kwake usiku mmoja. Wapelekeni. Chumba mtakuwa mmeshakilipia, na mtalala humo nyinyi wawili tu.