Kisii: Omba Chumba cha Nyuma

Mgeni anayeshuka steji ya Kisii jioni huwa amechoka na safari ya kupitia Narok, Bomet na Sotik, na mtu aliyechoka huchukua chumba cha kwanza anachoonyeshwa. Hapo ndipo usiku unapoharibika. Mji huu umekaa kwenye mteremko, barabara ya A1 inayotoka Isebania kuelekea Kisumu imeupasua katikati, na wenye viwanja kando ya barabara hiyo wamepandisha maghorofa yaliyobanana. Ndani ya jengo moja, kwa bei zinazokaribiana, kuna vyumba ambamo mtu analala na vyumba ambamo anakesha akitazama dari. Tofauti haipo kwenye godoro. Iko kwenye upande ambao dirisha linatazama.

Vyumba vinavyosifiwa zaidi ni vya mbele, vyenye roshani. Mpokezi huvitaja kabla ya vingine na huvitoza zaidi. Visikubaliwe. Roshani hiyo inatazama barabara, na barabara ya Kisii haina usiku: malori ya mizigo yanabadilisha gia chini ya dirisha yakiupanda mlima, pikipiki zinapiga honi, na kabla hapajapambazuka makanga wa magari ya Nairobi wameshaanza kuita abiria. Mandhari yanayouzwa kwa bei hiyo ni mabati ya jirani na nyaya za stima. Katika mji wenye mabonde ya kijani kila upande, ni dhuluma kumtoza mgeni ziada ili atazame steji.

Kinyume chake ni chumba cha ndani, ambacho dirisha lake linafungukia ukumbi au kishimo cha hewa. Bei yake ni ya chini, na aliyekuja kwa kesi mahakamani au kumwona mgonjwa anaweza kukivumilia kwa usiku mmoja. Usiku wa pili kitamshinda. Kisii iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na mvua yake haina msimu wa kukatika kabisa. Chumba kisichopata jua hakikauki. Shati lililofuliwa Jumatatu huvaliwa Jumatano likiwa bado na unyevu kwenye kola, na blanketi lina harufu ya kabati lililofungwa muda mrefu.

Ghorofa ya juu kabisa ina mtego wake, na mtego huu wageni wa kutoka pwani au Nairobi hawaujui. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hupanda hadi kwenye milima hii, na alasiri nyingi huishia kwa radi, wakati mwingine kwa mvua ya mawe. Majengo mengi yameezekwa mabati, na baina ya mabati na kitanda mara nyingi pana dari nyembamba tu. Mvua ikianza, simu haisikiki. Mawe yakianza, hata aliye upande wa pili wa kitanda hasikiki. Isitoshe, tangi la maji liko hapo hapo juu, kwa hiyo maji hufika bafuni kwa nguvu kidogo kuliko kwenye ghorofa za chini, na shawa ya umeme isiyopata maji ya kutosha hutoa tone la moto, tone la baridi. Asubuhi za Julai si za kujaribia jambo hilo.

Ghorofa ya kwanza nayo ni ya baa na nyama choma. Usiku ambao Shabana, timu ya soka ya Kisii, wamecheza Uwanja wa Gusii, hasa wakishinda, shangwe huendelea hadi usiku wa manane. Timu hii ilirudi ligi kuu mwaka 2023 baada ya miaka mingi nje, na furaha ya watu wake ni halali kabisa. Ila asiyetaka kuisherehekea asilale juu ya spika.

Kinachobaki ndicho chumba cha kuomba: cha nyuma, ghorofa ya tatu au ya nne katika jengo la ghorofa sita, dirisha likielekea bondeni. Asubuhi ukungu unakuwa umelala kwenye migomba, moshi wa jikoni unapenya katikati yake, na kinachosikika ni jogoo na ndoo za maji. Kabla ya kulipa, mgeni ahakikishe mambo mawili. Kwanza, jenereta limewekwa wapi? Upande wa nyuma ndiko linakofichwa, na stima ikipotea jengo zima hufurahia mwanga huku chumba kimoja kikimeza mngurumo na moshi. Pili, afungue bomba la maji ya moto mwenyewe na kusubiri dakika mbili, mkono ukiwa chini ya maji, funguo zikiwa bado hazijapokewa. Maneno ya mapokezini hayajawahi kuchemsha maji.

Halafu kuna hesabu. Mwandishi wa makala haya alikubaliana bei ya shilingi 3,500 kwa simu, akapewa risiti ya 4,130 asubuhi. Iliongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2, ambazo ni halali, lakini hakuna aliyezitaja wakati wa maelewano. Mwenzake aliyelala naye chumba kimoja akadaiwa chai ya asubuhi kando, kwa kuwa bei ilikuwa ya mtu mmoja. Swali la kuuliza ni fupi: hiyo ni bei ya mwisho, ya watu wangapi, pamoja na chai? Jibu litumwe kwa ujumbe wa simu, na malipo ya M-Pesa yaende kwenye namba ya biashara iliyobandikwa mapokezini, si kwenye simu ya kijana wa zamu.

Desemba ushauri wote huu hupungua nguvu, maana hakuna cha kuchagua. Ndio mwezi wa jando, wa harusi na wa watu kurudi nyumbani. Wakisii walioko Nairobi wanapanda na watoto, na wengine wanatua kutoka Minnesota wakiwa wamelipia vyumba tangu Septemba. Siku za mahafali ya Chuo Kikuu cha Kisii ni vivyo hivyo.

Ndiyo maana asiye na shughuli mjini aende akalale Nyamira. Ni takriban saa moja kwa matatu, na kaunti hiyo, yenye watu 605,576 kwa sensa ya 2019, ina karibu nusu tu ya idadi ya watu wa Kaunti ya Kisii. Majengo ni mafupi, bustani zipo, chai imepandwa hadi ukutani mwa nyumba za wageni. Baa ni chache, na giza la usiku ni giza kweli. Upungufu upo: saa tatu usiku mikahawa mingi imefunga, kwa hiyo chakula kiagizwe mapema. Mgeni aagize obokima, yaani ugali, wa wimbi na mboga ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa usiku mzima. Ile iliyopikwa haraka ni chungu na huwafanya wageni waikatae mboga hii bila haki.

Katika safari ya kwenda huko, cha kuogopa ni Probox. Gari hili dogo la watu watano hubeba wanane na zaidi kwenye njia za vijijini, wawili wakigawana kiti cha mbele na dereva, wengine wakiwa kwenye buti na magunia ya ndizi. Matatu ya abiria 14 ipo, isubiriwe. Aliyelazimika kupanda Probox alipie viti viwili na aseme hivyo mbele ya abiria wengine kabla gari halijaondoka.

Kulala Nyamira kuna faida nyingine, nayo ni Manga. Ukingo huu wa mwamba unatajwa kwenye kila kijitabu cha utalii, na wengi hufika saa nane mchana wakitoka Kisii baada ya chakula. Wanakuta ukungu wa joto, Ziwa Viktoria halionekani, na mvua iko njiani. Kwa saa hiyo, Manga haistahili nauli yake. Ni afadhali mtu aende Tabaka akawaone wachongaji wakipasua jiwe la sabuni kwa panga, vumbi jeupe hadi kwenye kope, na anunue kinyago kutoka mkononi mwa aliyekichonga.

Manga ni ya alfajiri. Bodaboda aagizwe usiku, bei ikubaliwe ya kwenda, kusubiri na kurudi. Saa kumi na mbili na nusu wachuma chai wanakuwa wameshatoka na vikapu mgongoni. Mzee akikutwa njiani asalimiwe kwa Kikisii "Bwakire buya, omogaka", na mara nyingi ndiye atakayeonyesha njia inayofika ukingoni bila kukanyaga shamba la mtu. Siku isiyo na wingu, mng'ao wa ziwa upande wa Kisumu huonekana kwa muda wa saa moja hivi, kisha joto linaufunika.