Jumuiya si ya Akina Mama Peke Yao



Siku ya mkutano wa jumuiya ndogo ndogo, hebu hesabu vichwa. Akina mama kumi au zaidi, watoto mkekani, na mzee mmoja karibu na mlango. Ukikutana na waume kesho yake watakuambia, "Mama watoto alikwenda kutuwakilisha." Kana kwamba kukomaa katika imani ni barua ambayo mtu mwingine aweza kukuchukulia posta.

Mwezi huu tunawaletea kisa cha wawili waliofika kwetu, mimi na mke wangu, wakiwa hawasemezani. Wameturuhusu kukisimulia bila kuwataja.

Mke alichaguliwa kuwa mweka hazina wa jumuiya. Hakushauriana na mumewe kabla ya kukubali. Mume naye hakuuliza daftari lile jipya ni la nini. Fedha za jumuiya zilikaa katika mkebe ndani ya kabati. Januari ikaja, mtoto akarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na mume akachukua shilingi 6,500 akinuia kuzirudisha mwisho wa mwezi. Juma lilelile akafariki mjane mmoja wa jumuiya. Wenzake walipokuja kuchukua fedha za jeneza, mkebe ulikuwa na shilingi 400.

Mke angeweza kusema zimeibwa. Angeweza pia kumtaja mumewe, na nyumba yao ingekuwa gumzo la soko. Alilia usiku kucha. Asubuhi mume akavaa koti akamwambia, "Twende wote." Hakuwa amehudhuria jumuiya hata siku moja, mara yake ya kwanza alikwenda kukiri. Akasimama akasema ni yeye aliyezichukua, mkewe hakujua. Mke naye akasimama, akasema ni kosa lake kuweka mali ya watu mahali pasipo kufuli. Wanajumuiya walinung'unika, na walikuwa na haki. Wakachanga upya, mjane akazikwa kwa heshima. Deni lililipwa kwa miezi mitatu. Mke akaondolewa katika kazi ya hazina, jambo ambalo kwa maoni yetu lilistahili.

Hata hivyo nyumbani hasira haikuisha. Mke aliona amevuliwa cheo kwa kosa la mwingine. Ndipo walipofika kwetu. Hatukuwahubiria sana. Tuliwaomba waende pamoja, kila Jumapili alasiri, kuwatazama watoto wa yule marehemu. Safari ya kwanza walitembea kimya mpaka huko. Ya tatu walibishana njiani juu ya nani abebe unga. Tuliposikia hayo tulijua wanapona.

Mtume Paulo, katika sura ya nne ya barua kwa Waefeso, anafundisha kwamba karama zilitolewa ili mwili wa Kristo ujengwe, nasi tukue mpaka utu uzima, tusibaki watoto wa kupeperushwa na kila upepo. Tazama mpango huo: mtu hangoji akomae ndipo atumike. Anakomaa akiwa kazini, na wenzake wakimwona anapoanguka. Mume wa kisa chetu alijifunza unyofu mbele ya watu, si kitandani.

Tunao mfano katika Maandiko. Akila na Prisila, mafundi wa hema, walifukuzwa Roma pamoja na Wayahudi wengine kwa amri ya Kaisari Klaudio, wakampokea Paulo kwao Korintho. Huko Efeso walimsikia Apolo, msemaji hodari ambaye mafundisho yake yalikuwa na upungufu. Hawakumwaibisha hadharani, walimchukua wakamweleza Njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, mume na mke pamoja. Agano Jipya linawataja mara sita, na hakuna hata mara moja ambapo mmoja ametajwa bila mwenzake. Kanisa lilikutana nyumbani mwao. Maaskofu wetu wa AMECEA walipozifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa jambo la kwanza katika uchungaji, kwenye mkutano wao wa Nairobi mwaka 1976, walikuwa wakiturudisha kwenye nyumba kama hiyo.

Lakini tahadhari. Wako wanaokimbilia utumishi ili kuikwepa nyumba. Mwalimu wa kwaya ni mpole kwa waimbaji, na watoto wake wakisikia hatua zake mlangoni wanazima redio. Mama yuko kanisani Jumatatu mpaka Jumamosi, na mumewe anapashwa habari zake na majirani. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa 1981 juu ya familia, alitaja kazi nne za familia: kuunda jumuiya ya watu, kuutumikia uhai, kushiriki maendeleo ya jamii, na kushiriki maisha na utume wa Kanisa. Utume wa Kanisa umo, ila ile jumuiya ya watu wa nyumba moja imetajwa kwanza. Na palipo na kipigo nyumbani, cheo kingoje. Aliyeumizwa atafute kwanza mahali salama na msaada.

Kwa hiyo msikubali cheo kabla ya kuzungumza wawili. Fedha za watu zisilale kwenu. Zipelekwe benki, na wahesabuji wawe zaidi ya mmoja. Chagueni angalau kazi moja ya kufanya bega kwa bega: kuwatembelea wagonjwa, kuwaandaa wachumba, kusimamia arusi na kuendelea kuwajali maarusi hata baada ya keki kuliwa (wasimamizi wengi hutoweka hapo).

Jioni moja, watoto wakishalala, ulizaneni: Mwenzangu anafanya nini hasa anapokwenda jumuiya? Ni nini kinachomchosha huko? Je, wanajumuiya wanamjua mtu yule yule ninayemjua mimi? Na mkutano ujao uko nyumba gani, twende saa ngapi?