Kula, Lala, Kisha Uinuke
Somo: 1 Wafalme 19:1–18

Januari hii nilikubali oda ya sare za shule iliyonizidi. Siku tano mfululizo nilikaa kwenye cherehani mpaka saa nane usiku, chakula ni chai tupu. Usiku wa tano nikashona mashati sita, yote mikono imegeuzwa nje ndani. Kesho yake nikashinda nikifumua, huku nikijitukana: "Mvivu wewe! Hufai kitu!"

Mama watoto akaniuliza, "Baba watoto, mwanafunzi wako akikosea, ungemtukana hivyo?" Nikakosa jibu. Mwanafunzi ningemwambia aende akapumzike.

Nikamkumbuka Eliya. Mtu huyu ametoka mlima Karmeli kwa ushindi, amepiga mbio mbele ya Ahabu mpaka Yezreeli. Halafu Yezebeli anamtisha, anakimbilia jangwani, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Anajiona si bora kuliko baba zake.

Sasa angalia Mungu alifanya nini. Hakumkemea, wala hakumwambia afunge na kukesha. Alimtuma malaika na mkate wa moto na maji. Eliya akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Ndipo akatembea siku 40 mpaka Horebu. Na huko, pamoja na kazi mpya, alipewa Elisha, mtu wa kusaidiana naye.

Ndugu yangu, dada yangu, usingizi haukumpunguzia Eliya safari. Ndio uliomfikisha.

Mimi nimebadilisha mambo matatu. Saa tatu usiku cherehani inafunikwa. Saa saba mchana nakula chakula, si chai. Na oda ikinizidi, nasema mapema, "Hii siwezi peke yangu," namwita fundi mwenzangu tugawane. Pesa ya oda hiyo inapungua, ni kweli. Lakini sijafumua shati tangu nianze, na watoto wananiona mezani.

Najua kuna mwenye kusema, "Pasta, mimi nisipokesha kodi hailipwi." Nakuelewa, hata mimi nalipa kodi. Basi anza na usiku mmoja tu.

Zoezi la wiki: Andika neno moja baya unalojiambia ukikosea. Je, ungemwambia mtoto wako? Kama hapana, lifute, uombe, kisha ulale. Kesho kazi itakukuta na nguvu.