Umerudi Nyumbani na Bandeji Puani: Yapi ya Kawaida, Yapi ya Hatari

Upasuaji wa kurekebisha umbo la pua huchukua kati ya saa moja na tatu hivi, na wengi huruhusiwa kwenda nyumbani siku iyo hiyo au kesho yake. Kwa mkazi wa Machakos, maana yake ni kupasuliwa Nairobi asubuhi na jioni kuwa ndani ya matatu au gari la rafiki, akirudi kwa Barabara ya Mombasa akiwa na gango puani. Daktari aliyemshughulikia amebaki takriban kilomita 65 nyuma. Kuanzia usiku huo anayemwangalia ni mama, dada, mume au jirani, na jambo likiharibika, wa kwanza kumpokea atakuwa muuguzi au tabibu wa hospitali iliyo karibu: Machakos Level 5, Kangundo, Matuu, Kathiani au kwingineko.

Shida ni kwamba mara nyingi huyo mama na huyo tabibu hawaambiwi ukweli. Upasuaji wa urembo hufanywa kwa siri. Mtu huaga kwamba anakwenda semina, na akirudi na macho yaliyovimba husema ameangushwa na bodaboda. Si lazima mtu amtangazie kila mtu alichofanyiwa. Lakini tabibu anayedhani anatibu jeraha la bodaboda, kumbe ndani kuna nyuzi, utambi wa bandeji na gegedu lililopandikizwa, anaweza kulichokonoa jambo asilopaswa kuligusa, au kukosa kabisa kulitafuta lile linalomdhuru mgonjwa. Mhudumu wa afya anafungwa na sheria kutunza siri ya mgonjwa. Aambiwe.

Kinachofanywa ndani ya pua

Sehemu ya juu ya pua ni mfupa. Sehemu ya chini, kuanzia katikati ya mwamba wa pua hadi kwenye ncha, ni gegedu, kitu kigumu kinachopindika kama kile cha sikioni. Katikati upo ukuta wa gegedu na mfupa unaotenga mianzi miwili ya pua. Daktari huweza kuukata mfupa ili kuupunguza, kulipunguza au kulishona upya gegedu la ncha, kuupandisha mwamba kwa kipande cha gegedu kilichotolewa sikioni au kwenye ubavu, au kupunguza upana wa matundu kwa kukata pembeni yake. Wapo wanaowekewa kipande cha silikoni badala ya gegedu lao wenyewe. Silikoni hurahisisha kazi, ila ni kitu kigeni mwilini. Inaweza kuingiwa na vijidudu au kusogea, na hata kuitoboa ngozi miaka kadhaa baadaye.

Si wote wanaokwenda kwa ajili ya urembo. Kuna aliyevunjika pua ajalini na mfupa ukaunga ukiwa umepinda, na kuna asiyeweza kupumua kwa mwanzi mmoja tangu utotoni. Kupona kwao ni kule kule na hatari zao ni zile zile.

Wiki mbili za kwanza

Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kwa sura. Macho huvimba hadi kukaribia kufunga, ngozi chini yake hugeuka nyeusi au zambarau, na ndugu hupatwa na hofu. Hali hiyo ni ya kawaida ikiwa pande zote zinafanana na inapungua kadiri siku zinavyokwenda. Pua kuziba kama ya mwenye mafua makali ni kawaida pia. Vivyo hivyo matone ya damu iliyochanganyika na kamasi kwa siku mbili tatu, na ganzi kwenye ncha ya pua au kwenye meno ya mbele ya juu, ambayo huweza kukaa wiki nyingi kabla ya kuisha.

Gango hukaa kama wiki moja na huondolewa na daktari. Alama nyeusi za usoni huisha ndani ya siku 10 hadi 14, na wengi hurudi kazini za ofisini wakati huo. Mtu hulala chali, kichwa kikiwa juu ya mito miwili au mitatu. Kitambaa chenye barafu huwekwa kwenye mashavu na kandokando ya macho, kisiwekwe juu ya pua yenyewe. Kupenga kamasi ni marufuku hadi daktari aruhusu, na chafya ikija, mdomo ufunguliwe. Maumivu yatulizwe kwa paracetamol. Aspirini na ibuprofen hufanya damu isigande upesi, kwa hiyo zisimezwe bila daktari kusema. Anayemeza aspirini kwa ajili ya moyo asiiache kwa hiari yake. Amwambie daktari mapema, kabla ya upasuaji.

Maagizo mengi ya hospitali huandikwa kana kwamba mgonjwa atakaa kitandani akihudumiwa. Machakos haiko hivyo. Kuinama kisimani, kufua nguo kwenye beseni, kupalilia, na kubeba kiondo au mtungi mgongoni mkanda ukiwa kipajini, yote hupandisha msukumo wa damu kichwani, na damu iliyokuwa imeganda puani huweza kufunguka. Kazi hizo ziachiwe wengine kwa wiki tatu au nne. Kofia ya bodaboda inayofunika uso wote haivaliwi hata kama barabara inadai, kwa hiyo ni afadhali kutopanda bodaboda kabisa. Miwani haikai juu ya mwamba wa pua kwa wiki nne hadi sita ikiwa mfupa ulikatwa. Vumbi la Athi River na la barabara za murram linataka barakoa iliyolegea. Sigara huchelewesha jeraha kufunga, na anayevuta ugoro aelewe kwamba anauweka moja kwa moja juu ya kidonda. Muguka na miraa hupandisha shinikizo la damu, na kuzitafuna siku hizo ni kualika damu itoke tena.

Maji ya chumvi ya kulainisha pua, daktari akiyaagiza, hutengenezwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Maji ya kisima hayatumiki vivi hivi, hata kama tayari yana chumvi yake.

Dalili zinazotaka hospitali siku iyo hiyo

Damu hutoka zaidi katika saa 48 za kwanza, na wakati mwingine hurudi mwishoni mwa wiki ya kwanza au katika wiki ya pili, mtu akidhani amepita hatari. Mgonjwa akae wima, ainame mbele kidogo, apumue kwa mdomo na kuitema damu. Kuinamisha kichwa nyuma, kama wengi walivyofundishwa utotoni, huipeleka damu tumboni na kuficha kiasi kinachopotea. Pua iliyotoka kupasuliwa haibanwi kwa nguvu. Damu ikiendelea kuchuruzika kwa dakika 15, au ikiloanisha bandeji baada ya bandeji, safari ya hospitali ianze bila kungoja asubuhi.

Kuna tatizo jingine lisilotoa damu nje, na ndilo linalofaa kufahamika zaidi kwa sababu hujificha ndani ya uvimbe wa kawaida. Gegedu la ukuta wa kati halina mishipa yake ya damu. Hulishwa na utando laini uliolifunika pande mbili. Damu ikivujia kati ya utando na gegedu, utando hubanduka na gegedu hukosa lishe. Ndani ya siku tatu hivi linaweza kuanza kufa, na vijidudu vikiingia, usaha hulimaliza upesi zaidi. Miezi baadaye mwamba wa pua hudidimia katikati kama tandiko la punda, na kuurudisha ni upasuaji mkubwa kuliko ule wa kwanza. Dalili zake ni pua kuziba kabisa pande zote mbili, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, kudundadunda ndani ya pua, na homa. Tabibu akimulika kwa tochi huona uvimbe laini ukutani. Tiba ni kuipasua na kuitoa damu hiyo mara moja. Jambo hili halihitaji upasuaji wa urembo ili litokee. Ngumi, mpira wa shuleni au kuanguka kwa mtoto hutosha, na mzazi anayeona pua ya mtoto imeziba kabisa baada ya kugongwa asingoje.

Wengine wanaopaswa kuondoka nyumbani ni mwenye homa kali pamoja na kizunguzungu, kutapika au vipele vyekundu mwilini, hasa ikiwa bado ana utambi wa bandeji puani. Anayetokwa na maji meupe kama ya kunywa kutoka upande mmoja akiinama, huku kichwa kikimuuma, kwani maji hayo huweza kuwa yanavuja kutoka kwenye ubongo. Anayeona jicho haliko sawa. Na mwenye mguu mmoja uliovimba na kuuma, au pumzi inayokata ghafla, ambazo ni dalili za damu kuganda mshipani. Mengi ya haya hutokea kwa nadra. Yakitokea, saa huhesabika.

Sindano si njia ya mkato

Wanaoogopa kisu huahidiwa sindano ya kujaza mwamba wa pua kwa dakika chache, mara nyingine ndani ya saluni. Mishipa ya damu ya pua ni myembamba na imeungana na ile ya macho. Dawa ya kujaza ikiingia ndani ya mshipa, ngozi ya pua huweza kufa, na mtu huweza kupofuka papo hapo. Ngozi ikigeuka nyeupe au yenye madoadoa ya zambarau wakati wa sindano au saa chache baadaye, au maumivu yakiwa makali kupita kiasi, hiyo ni dharura. Kwa aina inayotumika zaidi, iitwayo hailuroniki, ipo dawa ya kuiyeyusha, na asiyekuwa nayo karibu hana haki ya kuchoma sindano hiyo.

Kabla ya kutoa pesa

Mnamo Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki jijini Nairobi siku chache baada ya kufanyiwa upasuaji wa kuondoa mafuta mwilini. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini, KMPDC, lilichunguza na kuifunga kliniki ile. Haukuwa upasuaji wa pua, ila maswali yaliyoibuka ndiyo anayopaswa kuuliza anayefikiria pua. Daktari amesajiliwa na KMPDC? Leseni yake ni ya mwaka huu? Ni bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbo, au wa masikio, pua na koo? Jengo lenyewe lina leseni ya kufanya upasuaji? Nani anatoa nusukaputi? Orodha ya madaktari na vituo vilivyosajiliwa iko kwenye tovuti ya Baraza, na leseni ya kituo inapaswa kubandikwa mahali inapoonekana. Kwa mkazi wa Machakos kuna swali la ziada: saa nane za usiku, damu ikitoka, nani atapokea simu?

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hatari na njia mbadala kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia sahihi idhini. Iwe Kiswahili au Kikamba, aombe. Amtajie daktari kovu lolote lililowahi kuvimba na kuwa keloidi, kwani wenye ngozi nyeusi hupata makovu hayo zaidi. Kwenye pua ni nadra, lakini sikioni na ubavuni, gegedu linakotolewa, huonekana.

Daktari mzuri pia hukataa. Humwambia kijana ambaye pua yake bado inakua angoje, na humshauri amwone mshauri wa afya ya akili yule ambaye kasoro anayoiona kwenye kioo haionekani na mtu mwingine. Kumkata wa namna hiyo hakumtulizi. Huhamia kasoro nyingine.

Mwezi wa tatu, mwezi wa kumi na mbili

Sehemu kubwa ya uvimbe huisha ndani ya miezi mitatu. Ncha huchelewa, na kwa mwenye ngozi nene, kama walivyo wengi hapa, huchukua mwaka au zaidi. Asubuhi pua huonekana nene kuliko jioni. Pande mbili hazipungui kwa mwendo mmoja. Mwenye pua iliyoonekana kupinda kidogo mwezi wa pili huenda akaikuta imenyooka mwezi wa tisa, na ndiyo maana madaktari hawapendi kuirudia kabla ya miezi 12 kupita. Kati ya watu 100 wanaopasuliwa, baina ya 5 na 15 huhitaji marudio.

Yapo yasiyotibiwa na muda. Pua inayopiga mluzi mtu anapovuta pumzi huenda ina tundu katika ukuta wa kati. Mwanzi unaofunga kila anapovuta pumzi kwa nguvu huenda umepoteza gegedu lililokuwa likiushikilia. Hayo yapelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo, pamoja na barua ya kutoka hospitalini, risiti, picha za kabla na baada, na jina la kitu chochote kilichowekwa ndani. Nakala za karatasi hizo ni haki ya mgonjwa, na ndizo KMPDC itakazotaka kuona mtu akiwasilisha malalamiko. Ziombwe siku ya kuruhusiwa, kabla ya kupanda gari la kurudi Machakos.