Kikamilisho Kisibomoe Asili: Je, Tupandishe Windows ya Kompyuta Kuukuu?



Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Wengi wetu hapa chuoni tunatumia kompyuta zilizonunuliwa kuukuu Kampala, na tangu siku hiyo swali bwenini ni moja: tuhamie Windows 11 au tubaki tulipo? Nimelichukua kama zoezi la usul al-fiqh.

Imam al-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 790 Hijria, anayagawa maslahi katika al-Muwafaqat kwa daraja tatu. Kuna dharuriyyat, ambayo yakikosekana maisha huharibika; hajiyyat, ambayo yakikosekana watu huingia katika dhiki; na tahsiniyyat, yaani mambo ya uzuri. Mgawanyo huu tunaukariri sote siku ya mtihani. Tunachokipita haraka ni sharti analoliweka baadaye: kila daraja ina vikamilisho vyake, lakini kikamilisho kikipelekea kuiangusha asili yenyewe, hakizingatiwi.

Asili ya kompyuta ya mwanafunzi ni kuandika utafiti, kusoma vitabu na kutuma kazi kwa mhadhiri. Sura mpya ya Windows 11 ni tahsini tupu, tusipoteze muda nayo. Masasisho ya usalama ni jambo jingine. Wapo wanaosema, "Mimi sina cha kuibiwa." Akhi, ndani ya mashine yako mna orodha ya wanachama wa jumuiya, namba za simu za akina dada, na hesabu ya michango ya futari. Hiyo ni amana ya watu, wala huna haki ya kuisamehe kwa niaba yao. Kwangu mimi, ulinzi wa mashine yenye amana kama hiyo uko katika hajiyyat.

Je, Windows 11 italeta ulinzi huo? Yangu ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 6, RAM ya gigabaiti 4 na diski ya zamani inayozunguka. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Mafundi wanajua njia ya kuuruka ukaguzi huo na kuiingiza kwa nguvu. Lakini Microsoft yenyewe inasema mashine isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata masasisho. Basi tungehama kwa ajili ya masasisho, kisha tuyakose huko huko! Juu ya hayo, RAM ya gigabaiti 4 ndiyo kiwango cha chini kabisa cha mfumo huo. Ukifungua kivinjari na maandishi ya utafiti pamoja, utangoja sana. Hapo kikamilisho kimeibomoa asili.

Nilichochagua ni kubaki Windows 10 na kujiandikisha katika mpango wa masasisho ya ziada, ambao Microsoft ilitangaza kuwa utafika tarehe 13 Oktoba 2026. Unahitaji toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft. Ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti hiyo hulipi kitu, la sivyo ni dola 30. Fedha niliyokuwa nayo nimenunulia diski ya SSD. Kwa mashine ya umri huu, mabadiliko hayo yanaonekana kuliko mfumo wowote mpya.

Linux Mint ni ya bure, ni halali, na kompyuta kuukuu huiweza. LibreOffice inaandika Kiarabu kutoka kulia bila taabu. Kinachonizuia mwaka huu ni Maktaba Shamila, ambayo programu yake imetengenezewa Windows, na utafiti wangu unaitegemea kila siku. Vitabu vyake vinasomeka pia mtandaoni, ila hapo unahitaji bando. Asiyeitegemea Shamila, mimi ningemshauri ahamie Mint sasa hivi.

Na wale wa Windows iliyovunjwa? Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, ilipitisha kuwa haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa kisheria na haifai kuzivamia. Tena programu za kuvunjia mara nyingi hukutaka uzime kinga ya virusi kwanza. Mwizi anakuomba ufungue mlango, nawe unafungua.

Njia yoyote utakayochukua, anza na nakala. Weka moja kwenye flashi na nyingine mtandaoni, kisha ufungue faili kadhaa kwenye kompyuta ya mwenzio uone kama zinasomeka. Mint unaweza kuijaribu ikiwa bado kwenye flashi bila kugusa diski: angalia kama Wi-Fi inashika, sauti inatoka na kibodi ya Kiarabu inakubali. Pima pia betri. Betri ya kuukuu ikiwa haishiki hata nusu saa, na umeme wa mtaani kwenu mnaujua, usianzishe kazi ya kubadilisha mfumo usiku wa mvua. Nenda nayo maktaba ya chuo asubuhi, palipo na jenereta.