Dalia na Maua Mengine ya Fahari: Jinsi ya Kuyapitisha Katika Jua na Mvua

Wako watu wasemao kwamba maua makubwa ya fahari ni kazi ya nchi za baridi, na kwamba katika nchi yetu ya Rwamgasa, na Geita yote, ambako jua hukausha majani toka Juni hata Septemba, mwenye kupanda maua hupoteza nguvu zake bure. Neno hili si kweli. Mara nyingi kiuacho maua yetu si jua lenyewe wala mvua yenyewe, bali ni sisi kutoijua desturi ya mmea: wakati gani hula, wakati gani hunywa, na wakati gani hulala. Katika somo hili tutalitazama hasa ua liitwalo dalia, maana mtu akiisha kulijua hilo, mengine mengi hayatamshinda.

ASILI YAKE

Dalia si ua la Ulaya, ingawa watu wa huko wamelipenda mno. Asili yake ni nchi ya milima ya Meksiko na jirani zake. Mwaka 1789 mbegu zake zilipelekwa Madrid, mji mkuu wa Hispania, na mwaka 1791 mtaalamu Antonio José Cavanilles akalipa ua jina lake, kwa kumkumbuka Anders Dahl, mtaalamu wa mimea wa Sweden. Mwaka 1963 Serikali ya Meksiko ililitangaza kuwa ua la taifa.

Habari hii yatufaa, maana katika milima ya Meksiko, kama kwetu, iko miezi ya mvua, na iko miezi mirefu ya ukavu. Mvua ikinyesha, dalia huchipua na kuchanua. Ukavu ukija, shina na majani hufa, lakini chini ya udongo hubaki viazi vyenye akiba ya chakula na maji, vikingoja mvua nyingine. Basi kwa dalia, kiangazi si kifo. Ni usiku wake wa kulala. Ulaya watu huving'oa viazi kabla ya majira ya baridi, kwa kuwa barafu huviozesha. Sisi hatuna barafu, lakini tuna joto la udongo, mchwa, na mvua za kushtukiza. Adui ni mbalimbali, ila kazi ya mwenye bustani ni moja: kuulinda usingizi wa mmea mpaka saa yake ya kuamka.

Hata maporini mwetu imo mimea yenye desturi hii. Kila mtu ameliona ua lile jekundu, duara kama mpira, litokezalo ardhini mvua za kwanza zinyeshapo, wala hakuna aliyelimwagilia. Nalo lilikuwa limelala.

KIAZI NA JICHO LAKE

Watu wengi hushindwa na dalia siku ya kwanza kabisa, maana huipanda kama viazi vingine. Kiazi cha mviringo kina macho pande zote; kiazi cha dalia sivyo. Macho yake yako mahali pamoja tu, yaani shingoni, pale kiazi kishikanapo na shina la zamani. Kiazi kilichovunjika shingo, hata kikiwa kinene namna gani, hakitachipua kamwe. Kwa hiyo ukigawanya fungu la viazi, tumia kisu kikali, na kila kiazi kichukue kipande cha shina chenye jicho. Upake majivu mahali palipokatwa, ukiache kivulini siku mbili kikauke. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Na kiazi chenye macho hakihitaji kusukumwa.

Dalia huweza kupandwa kwa mbegu pia, lakini watoto hawafanani na mama yao: mbegu za ua jekundu huweza kuzaa la njano, au la zambarau. Apendaye rangi ile ile atumie kiazi, au chipukizi lililokatwa kikiazini na kuoteshwa. Lakini kwa shule mbegu ni somo zuri, maana watoto huona kwa macho yao jinsi uzao unavyobadilika.

WAKATI WA KUPANDA

Katika sehemu zetu mvua za vuli huanza kwa desturi mwezi wa Oktoba na kuendelea hata Desemba. Kisha huja pengo la siku kavu, mara nyingi Januari au Februari. Ndipo masika, Machi hata Mei. Lakini sote twajua ya kuwa mvua za siku hizi hazifuati kalenda. Mwisho wa mwaka 2023 mvua za El Niño zilinyesha kwa wingi katika sehemu kubwa ya Tanzania. Na iko miaka ambayo vuli hukatika mapema, mahindi yakiwa bado machanga. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu la Septemba ni mvua. Yafaa kusikiliza utabiri wa msimu utolewao na Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha kupima udongo mwenyewe kwa mkono. Usipande mpaka unyevu umefika kina cha shubiri moja.

Tena, usiweke viazi vyako vyote katika mvua moja. Panda nusu wakati wa vuli, na nusu uihifadhi hata mwanzo wa masika. Mkulima mwenye busara hufanya hivi kwa mahindi. Nasi tufanye vivyo kwa maua. Vuli ikiharibika, mbegu ya masika ipo.

KITANDA CHA MAUA

Dalia hupenda unyevu, lakini huchukia miguu yake kukaa majini. Udongo mweusi wa mbugani hunata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, basi haufai peke yake. Chagua mahali penye mteremko mdogo, uinue tuta kama la viazi vitamu, uchanganye samadi iliyooza sawasawa. Samadi mbichi au nyingi mno huleta majani mengi, maua machache, na viazi vyepesi kuoza. Ikiwezekana, mahali pawe na jua la asubuhi na kivuli chepesi cha alasiri.

Chimba shimo la sentimita 10 hata 15. Kwanza simika mti wa kuegemezea, ndipo ukilaze kiazi kando yake, jicho likitazama juu. Maana mwenye kusimika mti baadaye hukitoboa kiazi asichokiona. Kati ya shina na shina pawe na sentimita 60 hata 90. Udongo ukiwa na unyevu, usimwagilie maji mpaka chipukizi limetokeza. Kiazi kisicho na majani hakiwezi kunywa sana; maji mengi huishia kukiozesha.

Mmea ukiwa na jozi tatu au nne za majani, kata ncha yake kwa ukucha. Huu si ukatili. Mmea utatoa matawi mengi, nao utakuwa mfupi wenye nguvu mbele ya upepo. Maua huanza kwa kawaida katika wiki 8 hata 12 baada ya kupanda. Kila ua linyaukalo likatwe, ili mmea usitumie nguvu zake kuzaa mbegu.

HALI MBAYA ZA HEWA

Jua kali. Funika udongo kwa nyasi kavu, unene wa vidole vinne, lakini zisiguse shina. Mwagilia mara mbili kwa wiki kwa wingi, kuliko kila siku kidogo kidogo, ili mizizi ishuke chini. Njia nzuri ni kufukia chungu cha udongo kisichopakwa rangi kando ya mmea, na kukijaza maji. Maji hupenya polepole. Chupa ya plastiki iliyotobolewa matundu madogo yafaa pia. Dalia ikilegea saa saba mchana, usikimbilie ndoo. Ingoje hata jioni: ikisimama tena yenyewe, haina neno.

Mvua nyingi. Fungua mifereji kati ya matuta. Mmea ukilegea na huku udongo umelowa, ujue kwamba mizizi inaoza. Kuumwagilia ni kuuzika. Fukua kidogo, ukate sehemu iliyooza, upunguze udongo shingoni.

Mvua ya mawe na upepo. Shina likivunjika, usiling'oe. Kata juu ya jozi ya majani mazima iliyobaki; chipukizi mbili zitatoka hapo.

Wadudu. Wakati wa ukavu tazama chini ya majani kama kuna utitiri mwekundu na vidukari. Waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo. Mmea wenye majani yaliyojikunja na kuwa na mabaka ya njano, nao umedumaa, huenda una ugonjwa uenezwao na vidukari. Mmea huo hauponi; ung'oe uuchome, wala usigawe viazi vyake kwa jirani.

KUVIHIFADHI VIAZI

Masika yakiisha na majani yakianza kukauka, acha kumwagilia. Kata shina, ubakize kipande cha urefu wa kiganja. Chimba mbali kidogo kwa jembe, uinue fungu zima kwa mikono miwili, maana shingo ni dhaifu. Lianikwe kivulini siku chache, kisha lizikwe katika mchanga mkavu au pumba za mpunga, ndani ya chungu au sanduku lililoinuliwa juu ya mawe ili mchwa wasifike. Kila wiki mbili litazamwe: kiazi kilichooza kitupwe, na kilichosinyaa kinyunyiziwe maji kidogo. Pale udongo usipotuamisha maji wala kuwa na mchwa, viazi vyaweza kuachwa chini ya matandazo mazito, na kugawanywa kila mwaka wa pili.

MAUA MENGINE

Asiyepata viazi vya dalia asikate tamaa. Zinia na kosmosi, ambayo pia asili yake ni Meksiko, huota kwa mbegu na kuchanua katika miezi miwili hivi, basi humaliza kazi hata katika vuli fupi. Kana ina shina nene la chini ya udongo, nayo hustahimili mahali penye maji. Gladiola hulala kama dalia, na namna zake za porini zimo katika nchi hii ya Tanzania. Zaidi ya hayo, maua ya dalia na zinia yenye safu moja ya petali huwafaa nyuki kuliko yale yaliyojaa petali tele, maana nyuki huufikia unga wake kwa urahisi.

Lakini liko ua moja la porini la kuogopwa. Petali zake ni nyekundu na njano, zimepinda juu kama ndimi za moto, na ncha za majani yake hujisokota kushika miti. Ni zuri sana, nalo ndilo ua la taifa la Zimbabwe. Ila kiazi chake kina sumu iuayo. Lisipandwe shuleni, wala viazi vyake visiwekwe chungu kimoja na vya dalia, wala karibu na jikoni.

UDONGO WA DHAHABU SI UDONGO WA MAUA

Mwisho ni jambo lihusulo Rwamgasa kuliko mahali pengine. Mchanga ubakio baada ya kusaga mawe ya dhahabu kwenye karasha na kuyaosha mwaloni, uitwao marudio, ni laini na mwepesi kuchukulika. Kwa hiyo mtu huweza kuuona kuwa wafaa kwa vyungu vya maua au njia za bustani. Usitumike kamwe. Mara nyingi mchanga huo umechanganyika na zebaki iliyotumika kukamata dhahabu, na ule uliopitia mara ya pili huenda una sianidi. Kati ya mwaka 2002 na 2007 mradi wa Umoja wa Mataifa juu ya zebaki ulifanya kazi Rwamgasa yenyewe, na mwaka 2013 mataifa yalikubaliana Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi yake. Zebaki hudhuru mishipa ya fahamu na figo, na mtoto aliye tumboni ndiye hudhurika upesi. Bustani ya shule huchimbwa kwa mikono ya watoto; basi mwalimu ahakikishe kwanza udongo umetoka wapi. Vivyo hivyo maji ya mabwawa ya marudio yasimwagiliwe juu ya maua, wala juu ya mchicha upandwao kando yake.

Wala maji ya kunywa ya nyumba yasipewe maua. Wakati wa kiangazi watu watangulie, kisha mifugo na mboga; maua yapate maji yaliyosuuzia vyombo. Na dalia, kama tulivyosema, haidai kitu wakati huo, kwa kuwa imelala.

Basi, wakuu wa vijiji na walimu, yafaa kila shule ianze na tuta moja tu la hatua kumi. Watoto waandike katika daftari siku ya mvua ya kwanza, siku ya kupanda, siku ya chipukizi, na siku ya ua la kwanza. Baada ya miaka mitatu shule itakuwa na viazi vya kugawia wazazi, tena itakuwa na kumbukumbu ya mvua za kijiji chake yenyewe. Na kumbukumbu hiyo itamfaa mwenye mahindi na mwenye pamba kama imfaavyo mwenye maua.